Mpira Uliokosa Kikapu: Fainali ya Boston na St. Louis, 1957

Ndugu Mhariri ameniomba niandike jambo la historia litakalowafaa wanafunzi wa zamani pamoja na wadogo zetu walioko madarasani sasa. Najua kwamba mtumishi wa serikali akiombwa kuandika juu ya Hale, watu hutarajia aeleze habari za reli ya Tanga, au mkonge, au mitambo ya umeme wa maji iliyoanza kazi mwaka 1964. Mambo hayo yana wenyewe wanaoyajua kuliko mimi. Nimechagua kuandika juu ya mpira wa kikapu, tena mpira uliochezwa mbali sana na hapa, huko Marekani, mwaka 1957. Sababu ya kuuchagua nitaieleza mwishoni, kwa kuwa inamhusu mmoja wetu, na inanihusu mimi.

Waliosoma hapa miaka ya 1990 hawajasahau kiwanja chetu. Kilikuwa cha udongo mwekundu, na mvua ikinyesha tulikaa siku tatu bila kucheza. Duara la chuma la upande wa mabweni lilikuwa chini kuliko la upande wa jikoni kwa kiasi cha kiganja cha mtu mzima, na kila timu ngeni ililalamika. Mpira ulipotoka nje na kuangukia kwenye mkonge, tuliufuata kwa hofu, maana mwiba mmoja ulitosha kuumaliza, na mpira mwingine haukuwepo. Kumbe hata walipo mabingwa wa dunia watu waliwahi kugombana juu ya urefu wa goli. Nitafika huko.

MWANZO WA MCHEZO

Mchezo wenyewe ulibuniwa mwezi Desemba 1891 katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts, na mwalimu wa mazoezi ya viungo aitwaye James Naismith, mzaliwa wa Kanada. Alitakiwa kuwatafutia vijana mchezo wa ndani wakati wa baridi. Alipigilia vikapu viwili vya kuwekea matunda, futi 10 kutoka sakafuni, akaandika sheria 13. Vikapu vile vilikuwa na kitako, kwa hiyo kila mpira ulipoingia ilibidi mtu apande kuutoa. Vikapu vimekwisha kubadilika, lakini futi 10 zimebaki mpaka leo.

Wachezaji wa kulipwa walikuwepo tangu miaka ya mwanzo kabisa, lakini ligi kubwa iliyodumu ilianzishwa mwaka 1946, ikaungana na mwenzake mwaka 1949, na ndipo likapatikana jina la NBA linalojulikana sasa. Miaka yake ya kwanza ilikuwa ya taabu. Timu iliyotangulia kwa pointi iliweza kuushika mpira na kuupitisha huku na huku bila kushambulia. Tarehe 22 Novemba 1950, Fort Wayne waliwafunga Minneapolis kwa pointi 19 kwa 18, mchezo mzima. Nani atalipa kiingilio kutazama jambo kama hilo? Mwaka 1954 ikawekwa sheria kwamba timu yenye mpira lazima itupe golini kabla ya sekunde 24 kwisha. Mchezo ukachangamka, na katika muda mfupi timu zikawa zinapita pointi 100 kwa mechi moja.

Hiyo ndiyo ligi iliyokuwepo mwaka 1957. Ilikuwa na timu 8 tu. Msomaji akumbuke kwamba wakati huo sisi tulikuwa bado Tanganyika chini ya Mwingereza, TANU haijatimiza miaka 3, na katani iliyotoka katika mashamba kama haya yanayotuzunguka ndiyo iliyokuwa ikiongoza kuiletea nchi fedha za kigeni. Ghana ilikuwa imepata uhuru wake tarehe 6 Machi mwaka huo. Wiki tatu na siku chache baadaye, tarehe 30 Machi, fainali ninayoieleza ikaanza.

KIJANA ALIYEBADILISHWA NA WAWILI

Timu zilizofika fainali zilikuwa Boston Celtics na St. Louis Hawks. Ili kuielewa fainali hiyo, hapana budi kurudi nyuma mwaka mmoja.

Mwaka 1956 timu zilipokuwa zikichagua vijana waliomaliza vyuo, Bill Russell, kijana mweusi mrefu wa Chuo Kikuu cha San Francisco, alichaguliwa wa pili. (Vijana wetu watafurahi kujua kwamba mwaka 2009 Mtanzania mwenzetu, Hasheem Thabeet, naye alichaguliwa wa pili.) Waliomchagua Russell walikuwa St. Louis. Lakini kocha wa Boston, Red Auerbach, alimtaka kwa udi na uvumba, akakubali kutoa watu wawili ili ampate mmoja: Ed Macauley, mchezaji mwenye jina kubwa, na Cliff Hagan, aliyekuwa ndiyo kwanza anatoka jeshini. Macauley mwenyewe alikuwa mzaliwa wa St. Louis, na mtoto wake alikuwa mgonjwa sana, kwa hiyo alifurahi kurudi nyumbani.

Wengi waliuona ubadilishanaji huo kuwa wa ajabu. Russell hakuwa mtupaji mzuri. Kazi yake ilikuwa kuruka: kuzuia mpira wa adui kabla haujafika golini, na kudaka ule unaogonga ubao au chuma na kurudi. Kazi ya namna hiyo haikuwa ikipewa heshima magazetini. Boston walikuwa tayari na wafungaji: Bob Cousy, aliyekuja kutajwa mchezaji bora wa ligi msimu ule, na Bill Sharman, fundi wa kutupa kutoka mbali na wa mitupo ya adhabu. Walichokosa ni mtu wa kwenda kuuleta mpira.

Russell alichelewa kujiunga kwa sababu alikwenda kwanza Melbourne na timu ya taifa lake, wakashinda michezo ya Olimpiki. Alianza kuichezea Boston mwezi Desemba 1956, na alikuwa mweusi peke yake katika timu ile. Huko St. Louis, mji uliomchagua kwanza, mikahawa mingi haikumpokea mtu mweusi, na watazamaji walimtukana. Boston nako hakukuwa peponi. Baadaye watu waliivunja nyumba yake na kuichafua. Alicheza katika hali hiyo miaka yote.

MECHI SITA

Mshindi wa fainali ni yule anayetangulia kushinda mechi 4 kati ya 7. Boston walikuwa wameshinda mechi 44 na kushindwa 28 katika msimu. St. Louis walikuwa wameshinda 34 tu na kushindwa 38. Kwa hesabu za karatasini, kazi ilikuwa imekwisha.

Mechi ya kwanza, huko huko Boston, St. Louis walishinda 125 kwa 123 baada ya vipindi viwili vya nyongeza. Aliyewaongoza ni Bob Pettit, mmoja wa wachezaji wakubwa wa enzi zile, ambaye alikuwa amevunjika mkono wa kushoto mwezi Februari na bado alikuwa akicheza ukiwa umefungwa. Kesho yake Boston wakajibu kwa 119 kwa 99.

Mechi ya tatu ilikuwa St. Louis, na hapa ndipo palipotokea kisa cha goli. Kabla ya mchezo kuanza, watu wa Boston walidai kwamba goli moja halikuwa na urefu uliotakiwa. Likapimwa, likaonekana ni futi 10 kamili. Mwenye timu ya St. Louis, Ben Kerner, ambaye Auerbach aliwahi kumfanyia kazi na kuachana naye vibaya, alikuja juu akimtolea kocha maneno. Auerbach akamtwanga ngumi ya mdomo mbele ya watu. Alitozwa faini ya dola 300. Sisi hapa Hale tulikuwa na goli lililo chini kwa kiganja kizima na hatukupigana hata siku moja; hilo tujisifu. Siku ile St. Louis walishinda 100 kwa 98.

Boston wakachukua mechi ya nne kwa 123 kwa 118, na ya tano kwa 124 kwa 109. Mechi ya sita, St. Louis, matokeo yakiwa 94 kwa 94 na saa ikimalizika, mpira uligonga ukarudi, na Cliff Hagan, yule yule aliyetolewa na Boston ili wampate Russell, akaruka akausukuma ukaingia. Ikawa 96 kwa 94. Mechi 3 kwa 3.

JUMAMOSI YA TAREHE 13 APRILI

Mechi ya saba ilichezwa ukumbi wa Boston Garden. Hapa naomba msomaji asome taratibu.

Cousy na Sharman, wale wafungaji wawili ambao timu nzima iliwategemea, siku hiyo mikono yao iliwakataa. Cousy alitupa mara 20, ikaingia mara 2. Sharman alitupa mara 20, ikaingia mara 3. Kwa jumla, mitupo 40, iliyoingia 5. Wachezaji wawili bora, katika mchezo mkubwa kuliko yote waliyowahi kucheza, nyumbani kwao, mbele ya jamaa zao, walikosa mara 35.

Timu iliyopatwa na balaa kama hilo hushindwa. Lakini Boston hawakushindwa, na ukiuliza kwa nini, majibu yanapatikana kwa vijana wawili waliokuwa katika msimu wao wa kwanza. Tom Heinsohn alifunga pointi 37 na kudaka mipira 23 iliyorudi kutoka golini. Russell alifunga 19 na kudaka 32. Ikiwa imebaki chini ya dakika moja, Jack Coleman wa St. Louis alipata mpira akiwa peke yake, njia nyeupe mpaka golini. Russell alikuwa upande wa pili wa kiwanja. Alikimbia kiwanja kizima, akamfikia, akauzuia mpira ule ukiwa tayari umetoka mkononi. Waliokuwepo walikisimulia kitendo hicho mpaka uzeeni.

Hata hivyo mchezo haukuisha. Zikiwa zimebaki sekunde 6, Pettit alipewa mitupo miwili ya adhabu, akaingiza yote miwili: 103 kwa 103. Kipindi cha kwanza cha nyongeza kikaisha 113 kwa 113. Kikafuata kipindi cha pili, na wachezaji wakawa wanatolewa kwa kutimiza makosa 6. Heinsohn alitolewa, akakaa kwenye benchi amejifunika uso, hawezi kutazama. Frank Ramsey akafunga pointi muhimu. Jim Loscutoff akaingiza mtupo wa adhabu, ikawa Boston 125, St. Louis 123, na sekunde moja tu imebaki.

Kocha wa St. Louis, Alex Hannum, alikuwa pia mchezaji, na kwa kuwa watu walikuwa wamemwishia aliingia uwanjani mwenyewe. Mpira ulikuwa wao, lakini mwisho wa kiwanja usio wao. Aliwaambia wenzake kwamba angeutupa kiwanja kizima ugonge ubao, na Pettit audake na kufunga. Ni jambo la kuchekesha ukilisikia. Akautupa. Ukagonga ubao, ukamrudia Pettit mikononi, Pettit akausukuma, ukazunguka juu ya chuma, ukatoka nje. Boston wakawa mabingwa kwa mara ya kwanza katika historia yao. Pettit siku hiyo alifunga pointi 39, na mtupo mmoja uliokosa ndio unaotajwa zaidi.

Mwaka 1958 St. Louis walilipa kisasi wakawa mabingwa, Pettit akifunga pointi 50 katika mechi ya mwisho. Na timu ile ya St. Louis ndiyo ya mwisho yenye wazungu watupu kuwa bingwa wa NBA. Kuanzia 1959 mpaka 1966 Boston walichukua ubingwa mara 8 mfululizo. Russell aliondoka mwaka 1969 akiwa na ubingwa mara 11 katika misimu 13, na tangu mwaka 1966 alikuwa pia kocha, mweusi wa kwanza kushika kazi hiyo katika ligi ile. Alifika Afrika mwaka 1959, akaipenda Liberia hata akanunua shamba la mpira, ule wa utomvu, huko. Alifariki mwaka 2022, na namba 6 aliyoivaa ikastaafishwa katika ligi nzima.

HESABU YA MIPIRA ILIYOKOSA

Niliposoma habari hizi kwa mara ya kwanza, nikiwa Chuo Kikuu, Mlimani, sikuvutiwa na ushindi. Nilivutiwa na ile hesabu ya 5 kati ya 40. Niliitazama nikafunga kitabu.

Mpira ukikosa goli haupotei. Unagonga, unarudi, na kwa muda mfupi sana hauna mwenyewe. Atakayeruka ndiye atakayeupata. Cousy na Sharman waliendelea kutupa mara ya 15, ya 18, ya 20, kwa sababu walijua chini ya goli yupo mtu. Heinsohn na Russell peke yao walidaka mipira 55 siku ile. Nimetafuta katika masimulizi ya mechi ile kama yupo mwenzao aliyewalaumu, sijamwona. Sharman na Cousy wameingia katika historia kama mabingwa wa mwaka 1957, sawa na wengine wote.

Sasa niseme lililonifanya niandike.

Mwaka 1997, nikiwa kidato cha tatu, timu yetu ilifika fainali ya shule za wilaya na ikacheza ugenini. Mimi nilikuwa mchezaji wa akiba, na kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri nilipewa daftari niandike pointi. Nahodha wetu, kaka wa kidato cha nne, ndiye aliyetufikisha pale. Mwaka mzima tulimpa mpira tukasimama kutazama. Siku ile mikono ilimkataa. Niliandika katika daftari: alitupa mara 16, ikaingia mara 2. Tulishindwa kwa pointi 3.

Tukiwa ndani ya lori, kabla hatujafika Segera, nilisoma hesabu ile kwa sauti. Kisha nikampa jina: Patupu. Watu walicheka, na mimi nilifurahi kuchekesha wakubwa. Tulipofika shuleni jina lilikuwa limetutangulia. Liliandikwa ubaoni, likaandikwa kwenye mlango wa bweni. Wadogo wa kidato cha kwanza, ambao hawakuiona mechi, walilijua. Nahodha hakugombana na mtu. Alirudisha jezi kwa mwalimu, na mpaka mtihani wa mwisho hakukanyaga tena kiwanja kile. Katika mikutano yetu yote ya wanafunzi wa zamani hajafika hata mmoja. Mwaka juzi nilimpigia simu kumwalika, akanijibu kwa upole kabisa kwamba Hale ni mbali. Anaishi Tanga mjini.

Daftari lile lilikuwa na safu nyingine, ambazo sikuzisoma ndani ya lori. Katika mipira 14 aliyoikosa, tuliyoidaka sisi ilikuwa 2, na yote miwili aliidaka yeye mwenyewe. Wenzake wanne walisimama. Hesabu hiyo niliiandika kwa mkono wangu, na niliinyamazia kwa sababu haikuchekesha.

Nimefanya kazi serikalini miaka mingi, na kazi yangu kubwa ni kuandika taarifa. Nimejifunza kwamba mtu anaweza kudanganya kwa tarakimu za kweli tupu. Anachotakiwa ni kuchagua safu ya kusoma. Nililifanya hilo nikiwa na miaka 16, kabla sijasomea.

Kwa wadogo zetu walioko shuleni: kiwanja sasa mnacho, na chama chetu kimeahidi kuyalinganisha magoli yote mawili kwa futi 10 kabla ya mkutano ujao. Mwenzenu akitupa, msisimame kumtazama. Rukeni. Na akikosa, iwe ni darasani au kiwanjani, mwangalie kwanza ninyi mlikuwa wapi mpira uliporudi.

Na kwako kaka, nahodha wetu, ambaye jina lako sitalitaja hapa kwa kuwa nimekwisha kulichezea vya kutosha: hesabu kamili ya siku ile ndiyo hiyo niliyoiandika juu, na wenzangu wote wataisoma. Naomba radhi. Siku ya mkutano nitapitia Tanga kwa gari asubuhi. Ukiona inafaa, tutakuja pamoja.